Fuwele Kiowevu Ndani ya Jeli

Katika somo la uundaji wa istilahi, kila mmoja wetu alitakiwa kuchagua dhana moja ya kisayansi na kuieleza kwa Kiswahili ambacho mwanafunzi wa sekondari angekielewa. Nilichagua jeli za fuwele kiowevu. Mwenzangu wa chumbani, anayesomea kemia, aliniambia waziwazi kwamba nimejitwika mzigo. Jina lenyewe linajipinga, alisema: fuwele ni yabisi, kiowevu hutiririka. Mimi naona jina hilo linafaa kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea mjini Prague, alipasha moto dutu iliyotokana na kolesteroli. Ilipofika nyuzi 145.5 za Selsiasi iliyeyuka ikawa kiowevu chenye ukungu. Alipoendelea hadi 178.5, ukungu ukatoweka. Dutu moja, viwango viwili vya kuyeyuka! Alimwandikia Otto Lehmann, mwanafizikia wa Ujerumani, ambaye aliitazama kwa hadubini akaona kwamba kiowevu kile kinaugawa mwanga kama fuwele.

Molekuli za dutu za namna hii mara nyingi ni ndefu kama njiti. Wafikirie mukene wa ziwani, wale ambao majirani zetu Wakenya huwaita omena. Kundi zima linaogelea, hakuna samaki aliye na mahali pake maalumu, lakini vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Huo ndio mpangilio bila ugumu.

Tatizo ni kwamba kiowevu hakina umbo lake. Bonyeza kwa kidole kioo cha kikokotoo cha bei nafuu: wingu jeusi hutokea, kwa maana molekuli zimevurugwa. Ndiyo sababu kiowevu hicho hufungiwa kati ya vioo viwili.

Jeli inatatua jambo hili kwa njia iliyonifurahisha kuliko yote niliyosoma muhula huu. Dutu nyingine huyeyushwa ndani ya fuwele kiowevu, kwa kiasi kidogo tu. Mchanganyiko unapopoa, dutu hiyo hujisokota kuwa nyuzi nyembamba mno, nazo hushikana zikawa wavu unaopenya kote. Sasa hakimwagiki tena. Hata hivyo, molekuli zilizo kati ya nyuzi bado zinaweza kugeuzwa kwa umeme. Uimara umetoka kwa mmoja, mpangilio kwa mwingine, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Kipimo lakini ni kigumu: nyuzi zikizidi, molekuli hukataa kugeuka mpaka umeme uongezwe, zikipungua, jeli hulegea.

Ipo njia nyingine, ya kuzifunga molekuli zenyewe kwenye minyororo ya mpira. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes aliiwaza mwaka 1975, na Heino Finkelmann wa Ujerumani akautengeneza mpira huo mwaka 1981. Kipande chake ambacho molekuli zote zimeelekezwa upande mmoja kikipashwa moto, hufupika kwa upande huo. Kikipoa, hurefuka tena. Joto huvunja mpangilio, na minyororo iliyokuwa imenyooshwa hujikunyata. Ndiyo maana watafiti huuzungumzia kama msuli wa kutengenezwa.

Nilimsomea mwenzangu rasimu usiku, umeme ukiwa umekatika. "Fuwele kiowevu" amelikubali, tena amelitumia mwenyewe mbele ya wenzake wa maabara. Tunachobishania hadi leo ni "wavu". Anasema matundu ya wavu wa mvuvi yamepangwa sawasawa, ilhali nyuzi hizi zimetapakaa ovyo, kwa hiyo anataka niandike "mtandao". Mimi nahofia mwanafunzi akisoma kwamba ndani ya jeli mna mtandao, atatafuta simu yake.