SEVA HAIDANGANYIKI



Kabla sijaokoka nilikuwa mraibu wa gemu. Kila jioni ungenipata kwenye saiba moja pale Ukunda nikicheza Ragnarok Online, gemu ya Wakorea iliyotoka 2002. Unaanza na kisu tu. Wenzangu walishapata silaha kali. Mimi mwezi wa pili bado nina kisu.

Siku moja nikajifunza kufungua data.grf, faili kubwa linalobeba picha na maandishi ya gemu kwenye kompyuta. Ndani yake mna orodha ya majina ya silaha. Nikaweka nakala ya faili la asili kando, nikafuta neno "Knife", nikaandika jina la upanga mkubwa. Nikafungua gemu. Upanga huo! Nikawaita wenzangu waone.

Akatokea adui. Nikampiga, akaumia kidogo tu, kama aliyepigwa kwa kisu. Nikafa mbele ya wote. Wakacheka! Nilikuwa nimebadilisha kinachoonekana kwenye skrini yangu peke yake. Rekodi ya kweli ilikuwa kwenye seva, na seva ilinijua kuwa mwenye kisu.

Kwa nini nawaambia haya leo? Mwezi jana mama yangu alilazwa Msambweni. Nikachukua shilingi 4,800 za vijana wa kanisa, nilizokuwa nazitunza mimi. Kwenye daftari sikuandika "nimekopa". Niliandika "zipo". Mwekahazina aliposoma alinishukuru kwa uaminifu. Usiku huo sikulala.

Mchungaji mzima, bado nabadilisha faili!

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya vijana nikasema yote. Nimerudisha 2,000, zilizobaki ni mwisho wa mwezi, na daftari sasa liko kwa mwekahazina. Kule saiba, kurudisha faili la asili kulinichukua dakika moja. Huku kulinichukua mwezi mzima, kwa sababu ya aibu.

Mpendwa, daftari lako, picha zako za Facebook, hata ushuhuda wako madhabahuni, hayo yote ni skrini yako. Soma 1 Samweli 16:7 na Waebrania 4:13, kisha ujiulize: Mungu ananiona na nini mkononi?

Tuombe: Bwana, nipe ujasiri wa kuita kisu changu kisu, kisha unipe silaha yako ya kweli. Kwa jina la Yesu.

Andika AMINA kama unarudisha faili leo. 🙏