Pumzi ya Gari na Amani ya Nyumba

Nyumba yenye kijana na gari haikosi mashauri. Mwanetu wa kiume alipojinunulia kwa jasho lake gari aina ya Subaru Impreza WRX, lililokwisha kupitia mikononi mwa watu wawili kabla yake, haukupita muda akaja na ombi: ataka kubadili njia ya kuingizia hewa katika injini, ili gari liongeze nguvu. Sisi wazazi hatukumjibu ndiyo wala la. Tulimtaka atueleze kwanza, kwani gari hilo ndilo limpelekalo nyanya yake kliniki na dadake chuoni. Likiharibika, hatatembea kwa miguu peke yake.

Akatueleza, nasi twawasimulia akina mama wenzetu, maana wengi wenu mna vijana wenye ombi kama hili.

Twaijua injini kwa kula petroli, lakini mlo wake mkubwa ni hewa. Ili kilo moja ya petroli iungue sawasawa, huhitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Injini ya lita 2 kama ile, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huweza kuvuta lita zipatazo 6,000 za hewa katika dakika hiyo. Na hapo bado hatujahesabu kazi ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe na kuishindilia hewa ndani. Hewa hiyo huingilia mdomo ulio mbele, hupita katika sanduku lenye chujio la karatasi, huvuka kihisi kinachoipima, kisha hufuata bomba la mpira hadi kwenye tabo. Hoja ya vijana ni kwamba sanduku la kiwandani huibana injini pumzi.

Alikuwa na machaguo matatu mbele yake. La kwanza ni chujio la pamba linaloingia ndani ya sanduku lilelile. La pili ni kuliondoa sanduku na kufunga chujio lenye umbo la pia, wazi chini ya boneti. La tatu ni bomba refu linaloteremka hadi nyuma ya bampa, ili chujio livute hewa baridi ya nje.

Hilo la pili ndilo lililompendeza zaidi, kwa kuwa hutoa mlio. Lakini hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Ikitoka nyuzi 30 hadi 60, uzito wake katika lita ileile hupungua kwa takriban asilimia 9. Nani kati yetu asiyejua joto la boneti katika foleni ya daraja la Nyali, adhuhuri ya mwezi wa Februari? Chujio lililo wazi mahali hapo huvuta joto hilohilo, na kijana aliyelipia nguvu huenda akawa amenunua sauti tu.

La tatu lina hewa baridi kweli, ila tulimuuliza juu ya masika. Mvua ikishika, baadhi ya barabara zetu hugeuka mito. Chujio lililo chini likizama, injini hunywa maji, na maji hayashindiliki kama hewa: mkono wa pistoni hupinda, na injini ikafa papo hapo. Hapo baba yake akamkumbusha mashindano ya Safari Rally. Colin McRae alipoyashinda mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000, wote walikuwa katika Impreza, na magari hayo yalifungwa bomba la hewa lililopanda juu kando ya kioo cha mbele, kwa ajili ya mito na vumbi la nchi yetu. Mabingwa waliipandisha pua ya gari juu, naye alikuwa akitaka kuiteremsha.

Kisha liko jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyetufunza. Kile kihisi kina waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta ya injini hukadiria kiasi cha hewa kwa umeme unaohitajika kuurudishia waya joto lake. Hesabu hiyo imefungamana na upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi bila kuirekebisha kompyuta, hewa ileile hupita polepole, kompyuta hudhani ni kidogo, nayo hupunguza petroli. Injini yenye tabo ikikosa petroli ya kutosha huwaka kwa joto kali, hugonga, na mwishowe pistoni huvunjika. Kwa hiyo bei ya bomba si bei yote: iko na gharama ya fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kupimia.

Likabaki chaguo la kwanza, nalo lina masharti. Chujio la pamba hupakwa mafuta. Yakizidi, huweza kuuchafua ule waya. Yakipungua, vumbi hupenya, na vumbi ndani ya silinda hufanya kazi ya msasa.

Alikwenda kwa fundi na mashauri hayo yote. Fundi alipoufungua ule mpira uendao kwenye tabo, aliukuta umepasuka upande wa chini, na mkanda wa kuubana umelegea. Gari lilikuwa likivuta hewa isiyopimwa wala kuchujwa. Kijana wetu aliamua mwenyewe: mpira mpya, mikanda mipya, na chujio jipya la karatasi katika sanduku lake la asili. Fedha zilizosalia alinunulia breki za mbele. Nguvu aliyokuwa akiitafuta, sehemu yake kubwa ilikuwa ikivujia hapo. Nyanya hajui lolote kuhusu tabo, lakini amesema gari sasa halishtuki likiondoka.

Tungeweza kumkataza siku ya kwanza. Tulikhofia kwamba angelifunga bomba hilo kwa siri kwa rafiki zake, na dadake angelipanda gari tusilolijua hali yake. Akija wako na ombi kama hili, muulize maswali manne: hewa itatoka mahali pa joto au pa baridi? Mvua ikinyesha, chujio litakuwa wapi? Kompyuta itaijuaje hewa mpya? Na mpira wa zamani umeshakaguliwa? Mpe muda ayatafutie majibu, kisha mkae pamoja mumsikilize.