Fundi wa Ung'eng'e

Ndugu msomaji, siku niliyowaaga washkaji kijiweni Buguruni kwamba naondoka nchini kwenda kufundisha Kiingereza, walinipigia makofi. Walipouliza nakwenda wapi nikajibu Komoro, makofi yakageuka kicheko. "Ngazija nayo ni majuu? Si hata jahazi linafika!" Mmoja akaniuliza kama nitalipwa kwa karafuu.

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kidato cha sita chenye C ya Kiingereza, na daftari kubwa lenye kurasa 43 za riwaya yangu. Riwaya yenyewe nilikuwa naiandika kwa ung'eng'e. Si unajua tena: Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, sisi tunaojiita waandishi chipukizi tulipiga hesabu haraka haraka. Angeandika kwa Kiswahili, nani huko Sweden angemsoma? Basi nikaamua kuiweka kando lugha ya nyumbani na kushika lugha ya soko.

Nafasi niliipata kwa mpangaji mwenzetu, kijana wa Moroni aliyekuwa anasoma chuo Dar. Alisema kwao shuleni wanasomeshwa Kifaransa, na vijana wengi wanaotaka kuja kusoma huku wanakitafuta Kiingereza kwa udi na uvumba. Kituo kimoja cha masomo ya jioni kilikuwa kinahitaji mwalimu.

"Lakini mimi si mwalimu," nikamwambia.

"Wewe Mtanzania. Kwetu Mtanzania ni mtu wa Kiingereza."

Mtu wa Kiingereza! Mimi niliyechapwa viboko kidato cha kwanza kwa kuropoka Kiswahili mstarini!

Mwezi wa tisa 2022 nikakwea pipa. Hata saa mbili hazikutimia tukashuka Hahaya, kaskazini ya Moroni. Kilichonishtua kwanza ni mawe. Kisiwa kimebebwa na mlima wa volkano, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, na ukitoka uwanjani unapita katikati ya mawe meusi yaliyoganda kama uji ulioungua. Mto wa kudumu hakuna, maana mvua ikinyesha maji yanazama mawemawe. Ndiyo sababu nyumba nyingi zina tangi la saruji la kukingia mvua. Ndoo ya kwanza niliyopewa kuogea niliambiwa nisiimalize.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Koko, yaani bibi. Nyumba ni yake mwenyewe, kwa kuwa desturi ya Ngazija ni binti kujengewa nyumba, na mume huja kukaa kwa mkewe. Koko alizaliwa Unguja, akarudishwa na wazazi wake akiwa msichana mdogo miaka ya sitini, na Kiswahili chake kimebaki pale pale alipokiacha.

"Wendapi mwanangu?"

"Nakwenda darasani, Koko."

"Nenda, lakini urudi ule. Mwalimu mwenye njaa husomesha njaa."

Darasani waliniita fundi. Siku ya kwanza niligeuka nyuma nione fundi gani kaingia, wa bomba au wa cherehani. Kumbe kwao fundi ni mwalimu. La pili lilinikera zaidi. Niliokota kalamu ya kijana mmoja wa miaka kumi na minne, nikampa, naye akanitazama usoni akasema, "Marahaba." Nikajiuliza, huyu nimemwamkia saa ngapi? Nikasema moyoni watoto wa huku hawana adabu. Ilipita siku nzima ndipo nikaambiwa kwamba kwao marahaba maana yake ni asante.

Kazi yenyewe, bwana, ilikuwa ya kubabaisha. Usiku nasoma sarufi, jioni ya pili naifundisha kama niliyezaliwa nayo. Wanafunzi walikuwa wakisema, kwa Kiingereza, kwamba "wana" miaka ishirini. Niliwasahihisha kwa ukali mpaka nikagundua wanafuata Kifaransa, na kwamba Kiswahili changu nacho kinasema vivyo hivyo. Sisi sote tuna miaka. Mwingereza yeye mwenyewe ndiye miaka. Nikapunguza ukali. Mshahara nao ulikuja wote mwezi wa kwanza, nusu mwezi wa pili, na mwezi wa tatu zikaja ahadi. Washkaji wakinipigia simu nawaambia mambo bomba.

Mwezi huo wa tatu ndipo alipoingia dada mmoja, mwenye umri kama thelathini hivi, muuza vitambaa soko la Volo Volo. Alikaa mbele na kuandika kila kitu, hata tarehe niliyoifuta. Jioni moja alibaki wenzake walipoondoka. Tukaongea kwa kuokoteza, Kiswahili kidogo, Kingazija kidogo.

"Fundi, nifundishe ya hospitali tu. Mengine sina wakati."

Mama yake alikuwa na ugonjwa wa moyo. Usiku alilala amekaa, pumzi haitoshi. Ndugu walikuwa wanachanga pesa wampeleke kutibiwa Dar es Salaam, kama wanavyofanya wagonjwa wengi wa Komoro, na yeye ndiye atakayemsindikiza. Aliogopa kusimama mbele ya daktari akawa bubu, mama akapewa dawa ya mtu mwingine.

Msomaji, hapo hapo nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Muuguzi wa Dar hamwambii mgonjwa apange foleni kwa Kiingereza. Dirisha la dawa, kondakta wa daladala, mama ntilie wa nje ya geti, hata daktari mwenyewe akitaka kujua panauma wapi, wote hao ni Kiswahili kitupu.

Na nilinyamaza. Ada yake ilikuwa miongoni mwa chache zinazolipwa kwa wakati, na mwenye kituo alishatuambia waziwazi kwamba hapa tunauza Kiingereza. Lakini nisiisingizie pesa peke yake. Nilikuwa nimevuka bahari kwa jina la mtu wa Kiingereza. Nikikiri kwamba kwetu lugha hiyo haikufikishi hata dirisha la dawa, mimi nitakuwa nani? Basi kwa wiki mbili nikamfundisha kifua, mapafu na moyo kwa ung'eng'e. Akawa anakariri njiani, watu wanamtazama.

Siku aliponiambia tiketi imepatikana, zimebaki siku tisa, ulimi ukanitoka. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Alifunga daftari taratibu akaniuliza, "Wiki mbili, fundi?" Nilikosa la kusema katika lugha zote ninazozijua.

Usiku ule nilimsimulia Koko. Alinisema kama mtoto wake, kisha akaniamuru, "Mwite hapa barazani." Dada alikuja kesho yake, uso ameukunja. Tukaanza. Koko alikuwa muuguzi, mimi daktari, jirani akajifanya kondakta. Kwa kuwa lugha zetu ni ndugu, tulikwenda mbio, lakini undugu nao una mitego yake. Nikamwonya: "Mama mtu mzima akikupa dawa, usimwambie marahaba. Atadhani unamfanya mwanao. Sema asante. Ukimkuta, mwamkie shikamoo. Marahaba aseme yeye."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kwenu marahaba ni ya wakubwa tu?"

Mwenye kituo alipopata habari kwamba nimeondoa mteja na kumfundisha bure barazani, alinikata ada ile kwenye mshahara, mshahara ambao hata hivyo sikuwa nimeupata.

Siku ya kumi na mbili tangu waondoke, simu ikaingia ujumbe wa sauti. "Fundi, shikamoo. Muuguzi kanicheka, nilimwambia mama analala kitako. Lakini kafahamu. Mama kalazwa, wanampima." Nyuma yake nilisikia Dar: honi, na mtu anaita wateja wa maji ya kunywa. Nilisikiliza mara tano. Wala sikuwaza mgonjwa tu, nakiri. Nilipakumbuka nyumbani nikalia.

Mama yake alirudi baada ya miezi miwili. Hajapona, ila analala chali. Mimi naendelea kufundisha ung'eng'e, maana kodi ya Koko hailipwi kwa ukweli, na wapo vijana wanaouhitaji kweli. Tofauti ni kwamba siku hizi mwanafunzi akiingia namuuliza kwanza anakwenda wapi, na huko atasema na nani.

Swali hilo nililiuliza pia lile daftari langu la kurasa 43. Sikulichana, karatasi huku ni ghali. Nimeligeuza nikaanzia nyuma, kwa Kiswahili, na jana usiku, umeme ulipokatika, nilimsomea Koko ukurasa wa kwanza kwa mwanga wa simu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sentensi ya pili ni ndefu mno, pumzi haitoshi.

Leo asubuhi nimeikata.