Cheni ya Pawasoo Si Cheni Tu

Wewe uliye mjini ndiwe duka la vipuri la jamaa zako walio mashambani. Leo utaombwa mpira wa pampu, kesho bomba la baiskeli. Lakini ukiombwa cheni ya msumeno wa injini, ile mashine tuitayo pawasoo, tafadhali usikimbilie dukani.

Kwetu ni Zombe, mashariki ya mji wa Kitui. Dada yangu aliuza mbuzi 12 ili mwanawe apate mashine hiyo, na ndiyo inayolipa karo ya wadogo wake. Kijana hupasua mbao za mukau, mti wa nchi kavu ambao mchwa hawaupendi na ambao wakulima wengi wa Kitui sasa wanaupanda mashambani mwao. Mashine ikilala, watoto nao wanarudishwa nyumbani.

Basi aliponiomba cheni, nilimwuliza kwanza mambo matatu. La kwanza, nafasi ya viungo: pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, kisha ugawe kwa mbili. Mara nyingi utapata inchi 3/8 au 0.325, na lazima ilingane na gia inayoizungusha. La pili, unene wa vile vidole vya chini vinavyoteleza katika mfereji wa upau, yaani lile bamba refu la chuma: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Vikizidi haviingii, vikipungua cheni inayumba na mbao zinatoka zimepinda. La tatu ni idadi ya vidole hivyo. Kusema "nataka ya inchi 18" hakutoshi, kwani upau wa urefu huo huweza kuchukua vidole 66 kwa mashine hii na 72 kwa ile. Kwa kawaida vipimo hivi hupigwa muhuri kwenye upau wenyewe, karibu na injini. Pangusa vumbi utaviona.

Muuzaji mmoja alinishika mkono, eti nichukue na upau wa inchi 24 kijana amalize kazi upesi. Kwa injini ya cc 50! Hiyo huvuta inchi 16 hadi 18 bila taabu. Ukiirefushia itahema, itachemka, na cheni itakosa oili huko mwishoni.

Chagua pia meno. Yenye pembe kali hukata mbio katika mti laini na safi. Kwa magogo yetu makavu yaliyojaa mchanga, meno ya pembe ya mviringo hudumu zaidi kabla ya kudai tupa. Na je, wajua kwamba umbo la meno ya cheni za leo lilitokana na mdudu? Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, Marekani, alimtazama buu akitafuna gogo kushoto na kulia, akaiga taya zake.

Ila kinachoua mashine si meno, ni petroli. Injini hii haina oili yake ndani; hulainishwa na ile iliyochanganywa na petroli. Soma kitabu cha mashine: nyingi za siku hizi hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili maalum, yaani mililita 100 kwa lita 5. Nyingine hutaka 25 kwa moja, ambayo ni mililita 200. Jirani yetu mmoja alijaza petroli tupu asubuhi. Kabla ya saa sita pistoni ilikuwa imeshikana, na ng'ombe akaenda sokoni.

Changanya ya kutumia mwezi mmoja, si zaidi, na utikise mtungi kila unapojaza. Oili ya cheni ni nyingine, ina tangi lake. Ile nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye lori usiikubali hata ukipewa bure: imejaa vumbi la chuma, nalo hula upau kama tupa.