Matembezi ya Lesnes



Wengi wetu hapa Thamesmead twazijua kuta za zege na ngazi zake, lakini hatukumbuki kwamba tumekaa juu ya kinamasi. Maji yalilifunika eneo hili mwaka 1953. Kwa sababu hiyo nyumba za kwanza, zilizopokea wapangaji mwaka 1968, zilijengwa vyumba vikiwa juu na magari chini. Busara hiyo ndiyo iliyomfunga mama yetu mkubwa. Magoti yake hayawezi ngazi, na baridi iliyopita alikaa ndani miezi minne, akitaka arudishwe Pemba, ambako hakusalia mtu wa kumpokea.

Mwezi wa Agosti tulimteremsha kwa zamu, tukapita kando ya ziwa la Southmere hadi magofu ya Lesnes. Ni mwendo mfupi. Sisi ulituchukua saa nzima. (Gari lilikuwapo. Hakulitaka.)

Lesnes ilikuwa nyumba ya watawa wa Kikristo, iliyoasisiwa mwaka 1178 na Richard de Luci, hakimu mkuu wa Mfalme Henry wa Pili, ikafungwa mwaka 1525. Watawa hao ndio waliohangaika na mabwawa haya, kwa kingo na mifereji, ili yawe malisho. Leo zimesalia kuta fupi za mawe, na nyuma yake msitu. Humo watoto walichekecha mchanga wakitafuta meno ya papa ya zaidi ya miaka milioni 50, kwani palikuwa bahari. Mama alicheka: papa wa nazi amemla sana, wa mlimani hajapata kumwona.

Kisha akauona mti mkongwe ulioinama, umeegemezwa nguzo. Akaokota tunda jeusi lililoanguka, akalionja.

“Forosadi!”

Miaka yote tumepita hapo, wala hatukuujua mti huo kwa jina. Akawaita wajukuu, akawaonyesha lililoiva na lisiloiva, akawahadithia mforosadi wa uani kwao, nao wakamsikiliza kwa Kiswahili bila kulazimishwa. Kanzu ya mmoja haijatakata hadi leo.

Njiani akauliza kama mti ule huzaa kila mwaka. Tulipomjibu kuwa ndiyo, akasema mwakani tuje mapema, na kikapu. Habari ya Pemba haijaisha, ila sasa huianza baada ya chai, si kabla.

Watakaopenda kwenda: kituo cha treni cha Abbey Wood ki karibu, na mvua ikinyesha kilima huteleza.