Hatua ya shamba



Kila Jumamosi nafundisha watoto wa darasa la tatu kucheza ngoma, katika lupango karibu na uwanja wa ndege. Mwanzoni nilitaka wote wacheze mutuashi, ngoma ya Kasai aliyoivumisha Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi: mstari mmoja, hatua moja. Mtoto mmoja, ambaye familia yake ilikimbia Mitwaba, alisimama pembeni. Nikamkaripia; akazidi kunyamaza.

Jumamosi iliyofuata nilisema: kila mmoja atuonyeshe kazi ya kwao, kwa mwili tu. Wengine walisonga bukari, wengine walichota maji. Yeye aliinama, akadondosha mbegu, akafukia kwa kisigino, akasogea mbele, mstari mzima. Mpigaji ngoma akaufuata mwendo wake, na wenzake wakaingia nyuma.

“Ni shamba letu,” akasema. Ndipo niliposikia sauti yake mara ya kwanza.

Sasa tunaanza na hatua hiyo. Wazazi, msimlazimishe mtoto aeleze yaliyompata. Mwacheni acheze, nanyi mkae mumtazame.