Yai la Mnadani

Yai lilikuwa moja tu, tena lenye baka la mavi ya kuku, lakini mzee wa kanisa alilinyanyua kwa vidole vitatu utadhani ameshika johari. "Mia hapa! Mia! Nani anaongeza?" Ibada imekwisha, tumesimama nje chini ya mringaringa, watoto tumejipenyeza mbele. Kijana mmoja akalinunua kwa bei ya trei nzima. Tukapiga makofi. Naye akapaza sauti: "Ninalirudisha!" Mnada ukaanza upya kwa yai lilelile.

Hiyo ni Machame, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jumapili ile yai liliuzwa mara tano, na wa mwisho akalitia mkononi mwa bibi mmoja mjane. Kisha mhazini akasoma mapato mbele yetu sote, senti kwa senti: kiasi hiki mabati, kiasi hiki mgonjwa fulani. Sadaka tuliiona ikitoka na tuliiona inakokwenda.

Sisemi kwamba tulikuwa watakatifu. Binti wa jirani yetu alipopata mimba kabla ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana. Akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, khanga kaivuta hadi usoni. Aliyempa mimba alikuwa mbele, kwaya, sauti ya nne. Kila mtu alijua, na bado tuliimba. Hata leo nikisikia watu wakisema dini ya zamani ilikuwa safi, lile benchi linanijia.

Mwaka 2011 mama yangu, mgonjwa wa sukari, alipanda Noah kwenda Samunge, Loliondo, kwa Babu Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa kwetu Walutheri. Nauli ilikuwa imepanda hadi laki na ushee. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita, wakalala humo siku tatu kwenye vumbi. Kikombe chenyewe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Mawaziri walikunywa, makuli walikunywa. Mama alirudi anang'aa, akaweka vidonge vyake kwenye mfuko wa rambo tayari kuvitupa.

Aliyemwokoa ni nesi mstaafu wa usharikani. Hakumbishia. "Umekunywa, mama, Mungu ashukuriwe. Basi twende tukapime, tumshukuru kwa namba." Sukari ilikuwa juu kuliko kabla ya safari. Mama akaendelea na kliniki yake KCMC, hospitali ambayo nayo ilifunguliwa mwaka 1971 kwa nguvu za makanisa. Wengine hawakuwa na nesi kama huyo. Magazeti ya wakati ule yaliandika habari za walioacha dawa za kufubaza VVU.

Nilimcheka mama. Nilikuwa na shahada, naishi Dar, nilijiona nimevuka hayo.

Mwaka 2019 kazi ikaisha. Miezi minane ya kutuma barua za maombi, na rafiki akanipeleka kwa mtumishi mmoja ambaye sitamtaja. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na spika kubwa kuliko za harusi. Maji ya upako yana bei yake, mafuta yana bei yake, kumwona mtumishi ana kwa ana ni bei nyingine kabisa. Na kulikuwa na "mbegu". Ukitaka kazi kubwa, panda mbegu kubwa. Nilituma laki mbili kwa simu, fedha ya ada ya mtoto. Ujumbe wa muamala ulirudi na jina la mtu, si la kanisa. Hakuna aliyepiga makofi. Nikaufuta upesi, baba watoto asiuone.

Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Mama alipiga simu usiku, kwa sababu nilikuwa nimemwambia niko njiani kuja nyumbani. "Mwanangu, hukuwa huko?"

Sikuwa huko. Nilikuwa kwenye basi, na chupa yangu mwenyewe ndani ya pochi.

Asubuhi aliiona nikitafuta chaja. Aliifungua, akainusa, akajipaka tone kwenye kidole gumba.

"Kiasi gani?"

Nikamwambia. Alinyamaza kitambo, na nikashukuru kwamba hakunicheka, maana zamu ilikuwa yake.

"Alizeti hii," akasema. Akatoka nje hadi kwenye banda la kuku, lenye mlango ambao tangu nikiwa mdogo ulikuwa ukilia kama mbuzi, akaumimina upako wote kwenye bawaba.

Haukulia tena wiki nzima niliyokaa pale.